Majina ya Ukutani Mkunazini: Barua kwa Rafiki

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Unguja. Uliniuliza kama inafaa kuwaleta wanafunzi wako wa historia katika Kanisa Kuu la Kristo, lile la Waanglikana lililopo Mkunazini, au kama pamekwisha kuwa mahali pa watalii tu ambapo kijana hupiga picha na kuondoka. Safari hii nimeingia kanisani humo nikiwa na swali lako, nikakaa muda mrefu, na jibu langu ni kwamba uwalete, ila usikubali waharakishwe.

Kwanza wasimamishe uani uwaeleze tarehe, kwa kuwa tarehe zenyewe ni somo. Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash bin Said alipokubali mkataba na Waingereza, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa katika uwanja uleule walipouzwa watu. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877, kabla ujenzi haujakamilika. Aliyeusimamia ni Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, misheni ya Waanglikana kutoka Uingereza, yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili na kukusanya hadithi za Waswahili. Waambie watazame juu pia: paa ni kuba refu la saruji na mawe ya matumbawe, na inasemekana watu wa wakati ule walikuwa na hakika kwamba litaanguka. Mwongozaji atawaonyesha vilevile nguzo zilizosimamishwa kichwa chini karibu na mlango, ambazo husimuliwa kuwa ziliwekwa hivyo na mafundi askofu alipokuwa safarini. Kisa hicho huwafurahisha wageni, lakini usiache kichukue muda wenu.

Muda wenu uwe wa altare na kuta. Mapokeo ya kanisa yanasema kwamba altare imewekwa pale uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa viboko, na mahali hapo pametiwa alama ya duara la marumaru nyeupe sakafuni. Steere mwenyewe, aliyefariki mwaka 1882, amezikwa nyuma ya altare hiyo. Kisha waombe wanafunzi wapite polepole kando ya kuta na kusoma vibao vya kumbukumbu. Watakuta wamisionari, na watakuta mabaharia wa Kiingereza waliokufa katika kazi ya kuyafukuza majahazi yaliyobeba watumwa. Sina kinyongo na majina hayo, kwa maana wengi wao walikufa vijana, mbali na kwao, katika kazi iliyostahili kufanywa. Lakini wale waliouzwa chini ya jua katika uwanja huu, ambao bila wao kanisa hili lisingekuwa na sababu ya kujengwa hapa, hawana kibao. Hakuna aliyeyaandika majina yao walipouzwa, kwa hiyo hapakuwa na majina ya kuchonga. Ningependa wanafunzi wako waligundue pengo hilo wenyewe kabla hujawaambia neno.

Wakishaligundua, wapeleke kwenye msalaba wa mbao uliotengenezwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, huko Zambia ya leo, ambao chini yake moyo wa David Livingstone, mmisionari na msafiri Mskoti, ulizikwa mwaka 1873. Kila mwongozaji humtaja Livingstone. Wewe wataje Chuma na Susi, watumishi wake Waafrika, walioongoza wenzao kuubeba mwili wake kwa miguu kwa miezi mingi hadi Bagamoyo, ukapitia Zanzibar na hatimaye kuzikwa London mwaka 1874. Mtaje pia John Swedi, mmoja wa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa na ambao Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer, aliyemtangulia Steere, mwaka 1864. Mtoto huyo aliyekuwa njiani kuuzwa alikuja kuwa shemasi mwaka 1879. Nilipoketi katika mabenchi ya kanisa hilo nilimfikiria yeye kuliko nilivyomfikiria askofu yeyote.

Nje, upande wa bustani, ipo kumbukumbu iliyochongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998. Watu watano wamesimama ndani ya shimo, mnyororo ukipita shingoni mwao, na mnyororo wenyewe ni wa kweli, wa enzi za biashara hiyo. Nilisogea karibu kiasi cha kuona kutu iliyoganda kwenye pete zake dhidi ya jiwe la rangi ya kijivu. Sanamu hizo hazina majina wala hazina machozi, na kwangu zinasema zaidi ya vibao vyote vya ndani.

Jambo moja nakusihi ulishughulikie kwa uangalifu. Karibu na hapo wageni huonyeshwa vyumba vya chini ya ardhi, vyenye dari ya kuinamia, na kuambiwa kwamba ndimo watumwa walimofungiwa kabla ya kupigwa mnada. Jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaoyapinga maelezo hayo. Ushahidi wa mateso ya Mkunazini ni mwingi na hauhitaji kuongezewa chumvi. Kijana atakayekuja kugundua kwamba aliambiwa jambo lisilo na hakika anaweza kuanza kuyatilia shaka hata yale ya kweli.

Mkiweza, njooni kukiwa na ibada, mkae nyuma kwa adabu, mwone kwamba kanisa hili bado lina waumini wake wanaobatiza watoto na kuzika wazee. Kama siku zitatosha, nendeni pia Mbweni, ambako misheni iliwapa makazi watu waliokombolewa. Niandikie mapema tarehe mtakayovuka, nami nitazungumza na watu wa kanisa ili mpewe nafasi ya kutosha.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako akupendaye.