Makerere nenda, lakini utakula nini?

Mwanangu,

Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Nikikuuliza utakula nini ukisomea uchoraji, unanijibu, "Mama, mbona mchoraji Sam Ntiro aliweza?" Basi nimemtafuta huyo Ntiro wako.

Kweli ni wa kwetu, Machame, mzaliwa wa 1923. Kweli alisomea uchoraji Makerere kwa Margaret Trowell, huyo ambaye shule unayoiendea inaitwa kwa jina lake, halafu akaenda chuo cha sanaa cha Slade, London. Na ule mchoro wake wa 1956, wanaume wanampelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, uko kwenye jumba la Museum of Modern Art, New York. Mbege, mwanangu! Mbege yetu hii imefika New York. Nilimsomea bibi yako jina la mchoro ule, akataka nirudie. Tena mtu yuko London, anaendelea kuchora migomba na watu wa kihambani. Hapo nilimpenda.

Lakini mbona mengine huyasemi? Ntiro alikuwa mwalimu pale pale Makerere. Uhuru ulipokuja 1961, Tanganyika ikampeleka London kuwa balozi. Mshahara ulikuwa unaingia, na brashi hakuiweka chini. Ukimtaja, mtaje mzima.

Kipaji unacho, sibishi. Ule mchoro wa bibi akipepeta maharage niliupeleka jumuiya, mama mmoja akasema ni picha ya kamera. Nikamwambia ni mkono wa mwanangu. Waliusifu mpaka chai ikapoa, hakuna aliyeuliza bei. Ndiyo maana nauliza: utakula nini? Baba yako anasema nikuache. Yeye hajui bei ya unga.

Huko usichore twiga na machweo kwa sababu watalii wananunua. Chora unachokijua. Na kula asubuhi, usinywe chai kavu kama ulivyozoea hapa.

Ng'ombe amezaa, ndama jike. Kahawa bado hatujalipwa, kwa hiyo nauli ya kurudi Krismasi anza kuiweka mwenyewe. Rangi uliyomwaga sebuleni imegoma kutoka, nimeweka mkeka juu.

Ile fomu ya ualimu uliyosema imepotea nimeiona uvunguni mwa kitanda chako. Nimeitia kwenye begi, chini ya sweta. Mwisho wa kuituma ni tarehe 30.

Mama yako