Yai Lililozama Katika Maji ya Bahari

Ndugu wazazi, majirani, na wana wa Msambweni mlioko Mombasa, Nairobi hata Muscat: salamu kutoka Gredi ya 4.

Muhula uliopita nilileta darasani yai bichi na bilauri mbili, moja ya maji ya kisima, ya pili maji ya bahari aliyoyateka mwanafunzi alfajiri. Kwenye maji ya kisima yai likazama, sawa. Kwenye ya bahari likazama vilevile. Nikaona haya, maana nilikuwa nimeshawaambia litaelea.

Hapo ndipo somo lilipoanza. Tukatia chumvi kijiko kwa kijiko, tukikoroga, mpaka yai likainuka taratibu kama ngalawa iliyongoja maji kujaa. Makelele yake, mwalimu wa darasa la pili alikuja kuchungulia! Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Yai jipya lataka kama mara tatu ya hizo. Kisha binti mmoja akauliza: mbona mama akitia mayai kwenye maji matupu, viza huelea? Swali hilo likatupeleka kwenye ganda, lenye vitundu vidogo mno. Unyevu hutoka, hewa huingia, na yai huzidi kuwa jepesi. Lenzi hatuna, nikachora ubaoni. Wakaanza kupiga miayo.

Ugomvi ulizuka wakati wa kuandika matokeo. Kundi hili lasema vijiko vinne, lile saba, kwani kijiko cha huyu kilifurika na cha yule kilikuwa cha chai. Mizani tuliyokuwa tukiazima dukani ina mwenyewe, naye alikuwa akipima sukari.

Basi tunaitisha harambee. Tunahitaji mizani 4 (shilingi 10,000), lenzi za mkono 40 (6,000), vipimajoto 10 (4,000), meza 8 za fundi wetu wa hapa hapa (36,000), kabati lenye kufuli (18,000), na tangi lenye mifereji ya kukinga maji ya paa (14,000). Jumla 88,000. Wazazi wa darasa wamekwisha kutoa 31,500, zimebaki 56,500. Tangi si anasa: watoto ni 62, kipindi ni dakika 35, na nusu yake huishia kisimani. Sumaku msinunue. Tuleteeni redio mbovu, tutazitoa kwenye spika.

Tukutane shuleni Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa, saa nne asubuhi. Kadi za mchango ziko kwa wawakilishi wa wazazi. Walio mbali watumie nambari ya shule iliyo kwenye kadi. Kila senti itapewa risiti, na hesabu itabandikwa mlangoni mwa darasa. Wenyeji wa siku hiyo ni watoto, kila kundi na jaribio lake. Mwenye yai nyumbani ambalo hajui lilitagwa lini, aje nalo.