Jumamosi: duka la dawa la Stabler-Leadbeater, Alexandria, Virginia (Marekani)

Habari zenu ndugu. Safari yetu ya Jumamosi ipo palepale. Tukutane saa nne kasorobo asubuhi mlangoni, mtaa wa South Fairfax, ili tuingie pamoja.

Kwa waliojiunga juzi: duka hili, ambalo sasa ni makumbusho, lilianzishwa na Edward Stabler mwaka 1792, likabaki mikononi mwa familia hadi lilipofungwa 1933. Kilichonivutia ni kwamba vitu havikutawanywa. Chupa, mizani, vinu vya kutwangia, hata madaftari ya hesabu, vyote vimo. Katika barua zao ipo oda ya mwaka 1802 kutoka nyumbani kwa Martha Washington, mjane wa rais wa kwanza wa Marekani, akiomba mafuta ya nyonyo. Mafuta yaleyale ambayo bibi zetu walitunywesha!

Tafadhali msiishie chini. Chini ndipo wateja walipohudumiwa, lakini juu ndipo dawa zilipotengenezwa, na kule droo za mbao bado zina majina ya mizizi na mitishamba. Itafuteni “damu ya joka”: ni utomvu mwekundu wa mti, basi. Mimi ningeweza kukaa chumba kile kutwa nzima.

Juu hupandwa kwa ngazi, kwa hiyo mwenye shida ya magoti anijulishe mapema. Wazazi, washikeni watoto mikono. Baadhi ya dawa za zamani zilikuwa sumu kweli.

Anayekuja aandike jina lake hapa kabla ya Alhamisi jioni, pamoja na idadi ya watoto.