Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wauguzi na Wakunga, Tawi la Wilaya

Ndugu wanachama,

Mikutano ya robo mwaka ilifanyika, Siku ya Wauguzi ya Mei 12 iliadhimishwa, wenzetu waliougua walitembelewa na wafiwa walipewa mkono wa pole. Hayo mnayajua kwa kuwa mlikuwepo, angalau waliokuwepo.

Nije kwenye lililozua maneno mwaka mzima: uamuzi wa kuacha dodoso na kuanza kushuhudia wodini jinsi tunavyofuata ushahidi wa kisayansi katika huduma. Nimeitwa mpelelezi. Wazo lilikuwa langu, sikatai, lakini kamati nzima ililipitisha na muhtasari anao katibu.

Dodoso letu la zamani, lile la watafiti Upton na Upton la mwaka 2006, si baya. Lina maswali 24: 6 ya utendaji, 4 ya mtazamo, 14 ya maarifa na stadi, kila moja alama 1 hadi 7. Kasoro ni kwamba mtahiniwa anajisahihishia mwenyewe, na nani atajipa 2? Linaonyesha tunavyojiona, si kilichofanyika kitandani saa tisa usiku. Jaribio la Fresno la mwaka 2003 linapima ujuzi wenyewe wa kutumia ushahidi, ila majibu yake ni ya kujieleza na yanataka wasahihishaji waliofunzwa. Sisi hatunao.

Ndipo tukaanza na unawaji mikono kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani. Mtazamaji anakaa takribani dakika 20, anafuatilia watumishi wasiozidi 3 kwa wakati mmoja, na anahesabu fursa: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi, baada ya kukaribiana na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Mara mikono ilipotakaswa zinagawanywa kwa fursa zote, kisha mara 100. Wengi mmelalamika kwamba mlivaa glovu mkaandikiwa sifuri. Ndiyo, glovu si kunawa. Na asilimia ya jumla isitudanganye: tunakumbuka kunawa baada ya kumgusa mgonjwa kwa sababu tunajikinga sisi, kabla ya kumgusa tunasahau.

Kweli, mtu akitazamwa hubadilika. Hoja hiyo naikubali. Dawa yake ni mtazamaji kuzoeleka, kurudi zamu tofauti, na kuoanisha alichokiona na majalada ya wagonjwa.

Majalada nayo yana yake. Mapigo ya moyo wa mtoto tumboni yanatakiwa kila nusu saa. Ukifungua partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi, ukakuta 140, 140, 140, mwandiko mmoja, wino mmoja, hakuna hata nukta iliyotetereka, ujue ilijazwa mama akiwa ameshajifungua. Mkaguzi anayehesabu visanduku vilivyojazwa ataipa alama zote. Kwa hiyo tumekubaliana kulinganisha saa za partografu na za kitabu cha uzazi.

Jambo jingine ambalo wakosoaji wangu hawalisemi: kipimo hiki kinatutetea. Mkunga asipompa mama oksitosini, dawa ya kuzuia kuvuja damu, yuniti 10 mara baada ya mtoto kuzaliwa, dodoso haliwezi kusema kwa nini. Mtazamaji anaandika sababu: dawa imeisha, au ipo kabatini wakati inatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi joto 2 hadi 8. Hapo wa kuulizwa si mkunga. Tena fomu inabeba kada, haibebi jina. Aliyesema majina yanapelekwa kwa mwajiri alete fomu hiyo hapa mezani tuisome pamoja.

Kuhusu mahudhurio, inasikitisha. Mafunzo ya watazamaji yaliandaliwa, chai ikapikwa, hata nusu ya walioandikishwa hawakufika. Kisha hao hao ndio waliolalamika kwamba hawakushirikishwa. Waliokamilisha ada hawafiki theluthi moja ya wanachama wote. Karatasi za fomu na nauli za watazamaji zimetoka mfukoni mwa wachache, akiwemo anayewasomea.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kuongeza wodi nyingine na kupima pia kama mtoto anapimwa malaria kabla ya kuandikiwa dawa. Itategemea fedha. Mhazini amekaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi. Kabla ya kufungua kinywa kuhusu upelelezi, tafadhali pitia kwake kwanza.