Mringaringa wa babu usikatwe

Bern, Julai

Kaka,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo, Mama na magoti yake, wifi na watoto. Mimi mzima.

Hela nimetuma jana kwa wifi, si kwako, na sababu unaijua. Ni za bati za jiko la Mama, basi. Usiniulize mbona ndogo. Mnadhani Uswisi faranga zinaokotwa barabarani. Bei ya mkate ukiigeuza shilingi, hamu ya kula inaisha. Mengine ni masomo na kibarua cha jioni, tunakwenda tu.

Lakini kilichonifanya niandike barua nzima badala ya kupiga simu ni miti. Nimeambiwa (nani kaniambia, usihangaike) kwamba mwenye chensoo amefika kihambani, shamba letu la nyumbani, tena, na kwamba mringaringa wa pale mferejini umeshapakwa rangi. Halafu kwenye grupu la ukoo ukaandika eti "msomi wetu anasomea majani, hela zake hatuzioni." Watu wakacheka. Baba mdogo naye akaangusha vile vikatuni vyake vya kulia kwa kicheko. Sawa. Ngoja nikueleze huyo msomi wa majani anafanya nini.

Chuo kikuu kina kozi ya kiangazi kuhusu mabadiliko ya mazingira duniani. Wameomba wengi, wakachukua wachache, na mdogo wako yumo. Maabara ya hapa ni miongoni mwa zile zilizopima hewa iliyonaswa ndani ya barafu ya Antaktika, barafu ya kurudi nyuma miaka 800,000. Mwalimu alitumbukiza kipande kimoja kilichobaki kwenye glasi ya maji, akasema nyamazeni. Nikainama. Barafu ilikuwa inalia, tik, tik, vipovu vya hewa vinapasuka, hewa ya kabla ya Yesu kuzaliwa, Kaka, inanipiga shavuni. Katika miaka yote hiyo, hewa ya ukaa haikuwahi kupita sehemu 300 kwa kila milioni. Leo imepita 420.

Wakatupeleka pia kwenye barafu ya mlimani unakoanzia mto Rhone, kwa treni kisha basi la njano la posta. Kiangazi wenyewe wanaifunika mablanketi meupe isiyeyuke, kama mtoto mchanga, maana ndani yake wamechonga pango na watu wanalipa kiingilio. Wazungu bwana.

Sasa sikia hapa. Kila aliyesikia natoka Kilimanjaro alitaka kunipa pole ya theluji. Siku yangu ya kuzungumza ilipofika nikasimama mbele ya maprofesa, sikutetemeka. Nikawaambia kweli, mwaka 1912 barafu ya mlima wetu ilikuwa kama kilomita za mraba 12, na kufikia 2011 hazikubaki hata 2. Inauma. Lakini maji ya mfereji wetu kwa sehemu kubwa hayatoki kwenye barafu. Yanatoka msituni, kwenye mvua, na kwenye ukungu unaonaswa na matawi na kudondoka tone kwa tone. Msitu wa juu ukiungua, ukungu unapita bure. Nikawakumbusha moto wa Oktoba 2020. Profesa mmoja mwenye mvi aliniuliza maswali mpaka saa ya chai ikapita, na mwisho akaomba picha zangu.

Picha zenyewe ni za wapi? Za kihamba chetu. Magimbi chini, juu yake kahawa, juu ya kahawa migomba, na juu ya yote mringaringa. Wao wana jina refu la kuuita mpangilio huo. Nikawaambia ni shamba la babu. Ukumbi mzima ulikuwa unautazama mti huohuo uliopakwa rangi.

Kwa hiyo nakuuliza kwa heshima zote: kibali cha kukata umepewa na nani? Mama alikubali, au aliambiwa tu? Kahawa ndiyo imeanza kulipa, wewe unaiondolea kivuli ili mtu wa mbao Moshi mjini akapasulie makochi! Hela ya mti mmoja italipa ada ya muhula mmoja. Muhula unaofuata utakata upi?

Sikatai kwamba shida ipo. Naijua, nimekulia humo.

Juzi anga ilikuwa safi, tukasimama darajani kuangalia milima yao. Wakanionyesha Eiger kwa mbwembwe, mita 3,967. Nikawajibu kwetu 5,895, tukiamka tunaukuta mlangoni. Wakanyamaza. Ila usiku huo sikupata usingizi, nilitamani mtori wa Mama na kelele za watoto wa jirani wakichota maji. Jua lenyewe hapa linakaa hadi saa tatu usiku, mtu hujui ulale lini.

Desemba nakuja. Mbege iwepo. Tutakaa na Mama na baba mdogo, tuyazungumze palepale chini ya mti. Ada ya huyu mkubwa ya Januari niachie mimi. Mwenye chensoo mrudishie advansi yake wiki hii. Kama umeshaila, nipigie mimi, usimwambie Mama, na usiandike kwenye grupu.

Mdogo wako,
Manka