Shukrani kwa kaka wa bajaji, Sabasaba

Kaka, jina lako silitaji kwa sababu uliniomba nisilitaje. Ila watu wajue.

Nina baipola, ule ugonjwa unaokupandisha mpaka usingizi unakimbia, kisha unakushusha hata kuoga kunakuwa mlima. Mwezi wa nne nilikuwa juu. Siku ya nne sijalala, cherehani nimeshaiuza bei ya kutupa, na jioni ile pale Sabasaba nilikuwa nagawa noti kwa wapita njia. Wengi walipokea, wakacheka.

Wewe ulizima bajaji. Hukunivuta mkono, hukuniita chizi. Ulisema, "Dada, hebu tuzihesabu kwanza." Tukahesabu juu ya kiti cha nyuma: 83,000. Ukaandika nyuma ya risiti ya mafuta, ukanipa nishike mwenyewe. Ukaomba simu yangu, ukampigia dada yangu Kondoa. Ukanisikiliza nikipanga kununua nusu ya Dodoma (mpango ulikuwa kamili, msicheke), huku unanipeleka polepole Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Ukakaa nami kwenye benchi mpaka shemeji akafika. Nauli ukaikataa.

Sasa nina dawa zangu na daftari la saa za kulala, maana kwangu kukosa usingizi ndiyo dalili ya kwanza. Kila tarehe ya kliniki bado unapita getini, unapiga honi mara mbili. Siku nyingine sitaki kutoka. Unasubiri tu, ya tatu hupigi.

Ninyi mliopokea zile noti, sina kinyongo. Mkimwona mwingine hivyo, muulizeni apigiwe nani simu.