Wanafunzi wa sanaa wasikimbie takwimu

Mhariri,

Kila mwaka mpya wa masomo unapoanza, wanafunzi wa sosholojia, ustawi wa jamii na ualimu wa masomo ya sanaa hurudia ombi lilelile: takwimu liwe somo la hiari. Naomba nafasi nieleze kwa nini walikabili, na hasa namna ya kulikabili, maana ushauri wa "piga msuli tu" haumwonyeshi mtu aanzie wapi.

Mwanafunzi aliyesoma mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) kidato cha tano na sita anapofika mwaka wa pili wa chuo, ana miaka mitatu na ushei hajagusa hesabu. Mwenzake wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) angalau alikutana na wastani kwenye jiografia. Akili zao ni zilezile, ila mkono umeota kutu. Kwa hiyo asianze na kitabu cha takwimu. Aanze na mambo manne ya sekondari: sehemu, namba hasi, kipeo cha pili na kipeuo chake, halafu MAGAZIJUTO, yaani mpangilio wa kufanya hesabu: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Nusu saa kila siku, wiki mbili kabla ya muhula, inamweka sawa.

Linaloleta sapu, yaani mtihani wa marudio, hasa ni kulisoma somo hili kama historia: kulala na desa (notisi za somo), kupigia mistari, kukariri fomula. Takwimu husomwa kwa kalamu. Chukua bei za fungu la nyanya kwa wauzaji watano: shilingi 500, 500, 600, 700 na 2,700. Jumla ni 5,000, wastani 1,000. Lakini hakuna hata mmoja anayeuza kwa 1,000. Wanne wako chini ya hapo, na huyo wa 2,700 ndiye aliyeuvuta wastani juu. Bei ya katikati ni 600, na mama anayekwenda sokoni ataiamini hiyo zaidi. Sasa toa 1,000 kwenye kila bei: unapata hasi 500, hasi 500, hasi 400, hasi 300 na chanya 1,700. Zijumlishe: sifuri. Hapo mwanafunzi anaona mwenyewe kwa nini fomula ya kupima jinsi bei zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani inazidisha kila tofauti kwa yenyewe. Bila hivyo zinafutana zote. Vipeo hivyo vya pili jumla yake ni 3,640,000. Gawanya kwa 4, si kwa 5, kwa sababu hawa watano ni sampuli tu ya wauzaji wa soko zima. Unapata 910,000, na kipeuo chake ni 954 hivi: hicho ndicho kipimo cha mtawanyiko tulichokitafuta. Ile alama ya Kigiriki inayowatisha wengi ubaoni haisemi zaidi ya "jumlisha vyote".

Aliyefanya hivi mara tano kwa mkono hasahau. Aliyekariri atakwama kwenye kikokotoo, kwa sababu ukiandika hasi 500 bila mabano kisha ukabonyeza kipeo cha pili, vikokotoo vingi vinakuletea hasi 250,000, na swali zima limeharibika hapo.

Kuna na mtego wa lugha. Wapo wanaojua hesabu vizuri lakini Kiingereza cha "isiyopungua tatu" na "isiyozidi tatu" kinawachanganya, basi wanajibu swali ambalo hawakuulizwa. Dawa yake ni kundi la watu wanne au watano. Kila mmoja afanye swali peke yake kwanza, hata akikwama dakika ishirini, kisha mmoja aeleze kwa Kiswahili kila hatua na sababu yake. Zile dakika ishirini za kukwama zina faida kubwa kuliko jibu lenyewe: mtu aliyezoea kujua kila kitu darasani anajifunza kusema "hapa sijaelewa" na kutaja mstari wenyewe.

Kuhusu kompyuta, tusiiharakishe. SPSS, programu ya kuchambua takwimu, haikatai kazi. Ukiandika mwanamume ni 1 na mwanamke ni 2, itakupa wastani wa jinsia 1.6 bila kusita, na mwanafunzi ataunakili kwenye ripoti yake ya utafiti akiamini amepata matokeo. Aliyepita kwenye nyanya zile ataona mara moja kwamba namba hiyo haina maana.

Vyuo navyo vina wajibu. Mhadhara wa watu mia nne hauwezi kumfundisha mtu kushika kalamu. Semina ya saa mbili kwa wiki, yenye wanafunzi wasiozidi 30, inaweza. Pia kuwe na zoezi fupi lisilo na alama wiki ya tatu. Wakati huo bado kuna nafasi ya kurudi kwenye sehemu na namba hasi. Mwanafunzi anayengoja jaribio la wiki ya nane ndipo agundue alipopungukiwa, anakuwa na mada sita zinazomngoja na muhula umeshafika nusu.

Mwalimu wa takwimu,
Morogoro